Wiki za Mwanzo za Mbwa Koko

Anayetafuta mbwa mjini huuliza kwanza uzao. Mwenye uwezo hutaka German Shepherd au Rottweiler, na mtoto wa mbwa koko aliyejikunyata chini ya meza ya muuza mboga hupitwa kana kwamba tabia yake ilishaamuliwa tumboni mwa mama yake: mdokozi, mwoga, mng'ataji. Dhana hiyo imewanyima watu wengi walinzi wazuri. Jinsi mbwa atakavyoishi na binadamu hutegemea sana yanayompata katika wiki 14 za kwanza za uhai wake, na anayetaka kumwokoa koko ahesabu wiki hizo kabla ya kutazama manyoya.

Mwaka 1961 Daniel Freedman, John King na Orville Elliot walichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika Bar Harbor, katika jimbo la Maine, Marekani. Watoto wa mbwa walilelewa na mama zao ndani ya uwanja uliozungushiwa uzio mrefu, wakalishwa bila kuonana na watu, kisha wakatolewa kwa zamu, kila kundi kwa umri wake, wakakaa na binadamu kwa wiki moja. Waliotolewa wakiwa na wiki saba hivi walizoea watu vizuri. Walioachwa uwanjani hadi wiki ya 14 walimkimbia mtu kama wanyama wa porini na hawakukubali kamba. Nao hawakuwa koko hata mmoja: walikuwa Cocker Spaniel na Beagle, uzao ambao watu huusifu kwa upole. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka mwaka 2022, uliohusisha mbwa zaidi ya 18,000, ulikuta kwamba uzao hueleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Damu ina nafasi yake, hasa katika kazi kama kuchunga, lakini haitoshi kumhukumu mtoto wa wiki sita.

Wapo wanaoegemea upande wa pili na kudai kwamba koko haugui. Hilo nalo si kweli. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walipitia mwaka 2013 kumbukumbu za mbwa zaidi ya 27,000 wakitazama magonjwa 24 ya kurithi. Kumi yaliwapata zaidi mbwa wa uzao safi, moja likawapata zaidi chotara, na 13 hayakuonyesha tofauti. Tena hayo ni ya kurithi. Virusi vya parvo haviulizi ukoo. Mtoto aliyeambukizwa hutapika, huharisha damu, na bila matibabu anaweza kufa ndani ya siku chache. Hapo ndipo ugumu wenyewe ulipo, kwa sababu chanjo yake huanza wiki ya sita hadi ya nane na kurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka wiki ya 16, maana kinga aliyoipata kwa mama huweza kuizuia chanjo ya mapema isishike. Ukimfungia mpaka chanjo zikamilike, dirisha la kuzoea watu limeshafungwa. Ukimwachia azurure, unamtoa kwa parvo. Njia ni kumzoesha ndani ya ua: wageni, watoto wanaosimamiwa, sauti ya pikipiki, mbwa wakubwa waliochanjwa. Jalalani asifike. Na kwa kuwa virusi hivyo hukaa udongoni kwa miezi mingi, uliza kwanza kama ua huo uliwahi kufiwa na mbwa wadogo, na sakafu isafishwe kwa jiki. Dawa ya minyoo isingoje dalili, kwani watoto wengi huzaliwa tayari wameambukizwa na mama.

Pingamizi zito zaidi ni kichaa cha mbwa, na woga huo una haki. Ugonjwa huu huua watu wanaokadiriwa kufikia 59,000 kila mwaka duniani, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na dalili zikishaanza ni nadra sana mtu kupona. Mtoto aliyeokotwa anaweza kuwa aliumwa kabla hujamwona, na chanjo haimponyi aliyekwisha ambukizwa. Kwa hiyo jino lake likikupata, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo. Lakini kumwacha barabarani hakumwondolei mtaa hatari hiyo, na kuua mbwa ovyo hakujawahi kuukomesha ugonjwa. Kinachoukomesha ni kuchanja asilimia 70 ya mbwa, kampeni baada ya kampeni. Pemba ilifanikiwa hivyo, na kichaa kiliporudi mwaka 2016, chanjo ndiyo iliyokiondoa tena. Ushauri wa zamani wa kungoja miezi mitatu nao umelegezwa: Shirika la Afya Duniani linataka kampeni ziwachanje hata watoto walio chini ya umri huo.

Kabla ya yote, hakikisha kweli ametupwa. Mbwa wengi wanaozurura katika miji yetu wana wenyewe, na mama anaweza kuwa ametoka tu kutafuta chakula. Kumchukua kabla ya wiki ya nane, hali mama yupo, ni kumpunguzia malezi. Kwa nyumba za Waislamu, suala la najisi linaheshimika na lina nafasi yake: mbwa wa ulinzi ameruhusiwa, awe na banda na chombo chake nje, na kuzoeshwa kwake kunawezekana kwa sauti, chakula na mkono unaooshwa baadaye. Na kama aliyepatikana ameshapita miezi minne, umri utakaoutambua kwa meno makubwa ya mbele yanayoanza kuchomoza, anafaa bado, ila kazi itakwenda kwa miezi badala ya siku: mtu yuleyule amlishe saa zilezile, asifungwe mnyororo kutwa, asilazimishwe kushikwa, na ahasiwe au afungwe kizazi mapema daktari wa mifugo anapoona yuko tayari.