Uchovu Usioponywa na Usingizi

Kwa miaka mingi bonde lililo chini ya kilima cha Gikondo, mjini Kigali, lilikuwa makao ya viwanda, maghala na gereji. Mkazi wa mlimani aliweza kushuka kazini kwa miguu na kurudi kabla chakula hakijapoa. Viwanda hivyo vilihamishwa, vingi vikapelekwa Masoro, ili kuinusuru ardhi ile yenye majimaji. Uamuzi huo una faida zake; lakini mfanyakazi aliyebaki na nyumba yake Gikondo aliongezewa safari ya basi asubuhi na safari nyingine jioni. Saa hizo hazilipwi na mwajiri yeyote, walakini mwili huzihesabu.

Yupo mtu anayelala usiku kucha na kuamka amechoka. Kazi aliyoipenda sasa humchukiza, wenzake huwajibu kwa ukali, na mwishowe hujiona hafai kitu. Daktari wa nafsi Herbert Freudenberger aliieleza hali hiyo mwaka 1974, baada ya kuhudumia wagonjwa wake mchana na kujitolea usiku katika zahanati ya bure mjini New York, hata yeye mwenyewe akaishiwa nguvu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliitaja rasmi kuwa ni jambo litokanalo na kazi, wala halikuiita ugonjwa. Hapo pana fundisho kubwa. Ikiwa chanzo ni kazi, kumwambia mtu ajikaze, au anywe dawa ya usingizi, ni kufuta maji sakafuni huku bomba likiendelea kuvuja.

Serikali ya Rwanda iliamua kuligusa bomba lenyewe. Mnamo Novemba 2022 Baraza la Mawaziri lilipitisha kwamba, tangu Januari 1, 2023, saa za kazi zianze saa tatu asubuhi na kumalizika saa kumi na moja jioni, pamoja na saa moja ya mapumziko. Kati ya saa mbili na saa tatu mfanyakazi aweza kufanya kazi bila kuwapo ofisini. Juma la kazi, ambalo sheria ya mwaka 2018 ililiwekea saa 45, likashuka hadi saa 40. Shule nazo zikaamriwa kuanza saa mbili na nusu, na ustawi wa familia ukatajwa waziwazi kuwa mojawapo ya sababu. Yafaa kusifiwa kwamba saa ya mtoto na saa ya mzazi zilipangwa pamoja, maana mara nyingi wakubwa wa kazi husahau kwamba mfanyakazi ana mtoto wa kuvalishwa sare.

Lakini askari je? Lango halifungwi saa kumi na moja, na mwizi hana ratiba ya serikali. Kwa watu wa zamu, wakiwamo polisi, wanajeshi, wauguzi na walinzi wa maghala, nafuu haina budi kupangwa ndani ya kikosi au kituo chenyewe. Zamu zitangazwe mapema, zisibadilishwe usiku wa manane isipokuwa kwa dharura ya kweli. Aliyekesha asipangiwe zamu ya asubuhi inayofuata. Likizo itolewe kwa wakati wake, na mkubwa awe wa kwanza kuichukua, kwani mkubwa asiyepumzika huwafundisha walio chini yake kuona haya kupumzika.

Liko jambo gumu zaidi, nalo ni ulimi. Askari aliyezoea kusifiwa kwa uvumilivu huogopa kusema, “Nimechoka,” asije akachekwa au akanyimwa cheo. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 ilisisitiza kwamba wasimamizi wafundishwe kuzitambua dalili na kumsikiliza mtu bila kumhukumu. Sajini aliyefundishwa hivyo humwita kijana faraghani na kumwuliza habari za nyumbani. Asiyefundishwa huandika “mvivu” katika faili, na faili hilo humfuata kijana yule miaka mingi.

Mara nyingi mke, au mume wa askari wa kike, ndiye huona kwanza. Huona sahani iliyorudishwa nusu, kimya kirefu, na hasira kwa sababu ya kijiko kilichoanguka. Kumshambulia kwa maswali akiwa mlangoni hakusaidii. Apewe maji ya kuoga na chakula, na mazungumzo yangoje. Siku zikipita bila nafuu, au akianza kuutafuta usingizi katika pombe, apelekwe kwa mganga wa kikosi au kituo cha afya, na asiachwe peke yake kwa maneno ya kwamba yatapita.

Na ratiba ya zamu isibaki ofisini tu. Nakala yake ikibandikwa jikoni, hata mtoto wa darasa la kwanza atajua ni siku gani baba amekesha, na mpira utachezewa kwa jirani.