Klachi ya Lori Kuukuu

Mtu atokaye katikati ya mji wa Dar es Salaam kwa Barabara ya Uhuru, akapita Ilala, hufika Buguruni. Hapo Barabara ya Uhuru hukutana na Barabara ya Mandela, ambayo ni njia kubwa ya mizigo. Upande mmoja huenda bandarini, na upande wa pili huenda Ubungo, nako ndiko iliko njia ya kwenda Morogoro, Iringa, Mbeya, hata Zambia. Mchana na usiku malori hupita hapo yamebeba ngano, saruji, chuma na mafuta. Basi si ajabu kwamba katika mitaa ya upande huo wamo mafundi wengi wa magari, na baadhi yao kazi yao ni kutengeneza upya vyombo vilivyochakaa.

Miongoni mwa vyombo hivyo kimo kimoja kisichoonekana mpaka lori limefunguliwa, nacho ni klachi. Watu huisifu injini kwa nguvu zake, na breki kwa kulisimamisha gari, lakini klachi hawaikumbuki mpaka siku itakapokataa kazi. Siku hiyo injini yaweza kuwa nzima kabisa, na lori lisitoke mahali pake hata hatua moja.

Kazi ya klachi ni nini? Injini ikisha kuwaka huzunguka daima. Haiwezi kufanya kama punda, ambaye husimama na mzigo mgongoni akingoja kuambiwa, kisha akaondoka. Lakini magurudumu ya lori hayana budi kusimama mara kwa mara hali injini ingali inazunguka. Tena dereva akitaka kubadili gia, yampasa kuitenga injini na giaboksi kwanza, maana meno yazungukayo kwa mwendo mbalimbali yakigongana huharibika. Kwa hiyo kati ya injini na giaboksi kimewekwa chombo cha kuunganisha na kutenga, nacho ndicho klachi.

Ukitaka kufahamu jinsi ifanyavyo kazi, bana viganja vyako pamoja kwa nguvu, kisha jaribu kusukuma kimoja mbele bila kingine kufuata. Utaona havitaki kuachana. Sasa vilegeze kidogo: kimoja kitateleza juu ya kingine, na ukiendelea kuvisugua vitapata moto. Mambo yote makubwa ya klachi yamo katika viganja hivyo, yaani kubana, kushika, kuteleza na joto.

Sehemu zake kubwa ni hizi. Kwanza kuna gurudumu zito la chuma lililofungwa nyuma ya injini. Mafundi huliita flaiwili. Pili kuna sahani nyembamba, ambayo pande zake zote mbili zimevikwa lainingi, yaani kitu kigumu kishikacho sana wala kisichoungua upesi. Katikati ya sahani pana kitovu chenye tundu la meno, na shafti ya giaboksi huingia humo. Tatu kuna presha, yaani bamba zito la chuma lililomo ndani ya kifuniko pamoja na springi kali. Springi hulisukuma bamba, bamba huibana sahani juu ya flaiwili, na vyote huzunguka kama kitu kimoja. Dereva akikanyaga pedeli, beringi ya klachi husukuma vipande vya chuma vilivyo mfano wa vidole. Navyo hulivuta bamba nyuma, sahani ikaachiliwa. Hapo injini huzunguka peke yake, na magurudumu hayapati nguvu.

Klachi iliyo gonjwa huonyesha dalili zake. Ikiwa inateleza, injini hulia sana kilimani lakini lori haliongezi mwendo, na harufu ya kuungua husikika. Ikiwa haiachi sawasawa, gia hulia zinapoingizwa. Ikiwa sahani imepinda au imepata mafuta, lori hutetemeka kila linapoondoka.

Lipo jaribio rahisi la kujua kama sahani inateleza. Lori huwekwa mahali tambarare pasipo na mtu mbele wala nyuma, breki ya mkono huvutwa kwa nguvu, na dereva hutia gia kubwa. Kisha huachilia pedeli taratibu huku akiongeza mafuta kidogo. Klachi iliyo nzima itaizima injini. Injini ikiendelea kunguruma na lori halisogei, basi sahani inateleza. Jaribio hili lisirudiwe mara nyingi, maana kila mara sahani hupata moto mkali.

Hapa ndipo fundi mzuri anapojulikana. Fundi asiye mwangalifu hutoa sahani iliyokwisha, akatia nyingine, akapokea ujira wake. Fundi mzuri huuliza kwanza, "Hii imekufa kwa sababu gani?" Maana klachi haifi pasipo chanzo, na chanzo kikiachwa ndani, kitaiua na mpya. Akiona lainingi imelowa mafuta, hutazama mpira wa kuzuia mafuta ulio nyuma ya injini, kwani huenda umekatika. Akiona lainingi imeungua na chuma kimegeuka rangi ya buluu, humwuliza dereva habari za mwendo wake. Wako madereva ambao huweka mguu juu ya pedeli safari nzima, na wengine hulizuia lori kilimani kwa klachi badala ya breki. Wako na wenye malori ambao hupakia mizigo kupita kiasi. Wote hao hununua klachi mara kwa mara, wakawalaumu mafundi.

Kwa lori jipya, kupata vipuri si kazi kubwa. Lakini yafikirie malori ya zamani, kama Bedford, yaliyojulikana sana katika Afrika Mashariki. Malori hayo yalianza kutengenezwa Luton, Uingereza, mwaka 1931. Aina ya TJ, yenye pua ndefu mbele, ilitokea mwaka 1958. Mwaka 1987 kazi ya kutengeneza malori hayo iliuzwa kwa mwenye kampuni nyingine, nayo ikaanguka mwaka 1992. Tangu hapo mwenye Bedford kuukuu ana njia mbili tu: kutafuta kipuri kinacholingana, au kukijenga upya kile alicho nacho.

Akienda katika maduka ya vipuri ya Kariakoo au Gerezani, asichague kwa macho wala kwa bei. Achukue sahani yake ya zamani mkononi, pamoja na rula na kifaa cha kupimia unene, akapime mambo manne. La kwanza ni upana wa sahani. Sahani iliyo ndogo kuliko ile ya kwanza ina eneo dogo la kushika, nayo itateleza kwa mzigo uleule. La pili ni meno ya kitovu, maana ziko shafti zenye meno 10 na ziko zenye zaidi. Tena meno yaweza kuwa sawa kwa hesabu, yakatofautiana kwa unene. Sahani ifae kuteleza juu ya shafti kwa kusukumwa na kidole, bila kukwama na bila kucheza. La tatu ni unene wa sahani pamoja na lainingi. Ikizidi unene au ikipungua, bamba la presha halikai mahali pake, na vidole vyake huinama vibaya, hata klachi ikakataa kuachilia au kubana. La nne ni jinsi kitovu kilivyotokeza upande huu na upande huu; kikitokeza kuliko kipimo, chaweza kukwaruza bolti za flaiwili. Jambo moja katika hayo manne likikosekana, kipuri hicho hakifai, hata kingetolewa bure.

Ikiwa hakipatikani kilicho sawa, ndipo kazi ya kujenga upya huanza. Fundi huondoa lainingi ya zamani, akaitazama sahani yenyewe. Huivika katika shafti na kuizungusha mbele ya kitu kisichosogea. Ikiyumba, imepinda, na lazima inyoshwe au itupwe. Kisha hufunga lainingi mpya kwa ribiti za shaba, ambayo ni laini kuliko chuma. Hupiga ribiti moja, halafu ile inayoelekeana nayo upande wa pili, ili lainingi ikae tambarare. Vichwa vya ribiti havina budi kuzama chini ya uso wa lainingi, maana kichwa kikitokeza kitachimba flaiwili kama jembe.

Baada ya hapo hufungua presha. Hii ni kazi ya hatari, kwa kuwa springi zimebanwa ndani kwa nguvu nyingi, na kifuniko kikifunguliwa ghafula huruka na kuumiza mtu. Kwa hiyo fundi hukibana kwanza kwa mashine au kwa bolti ndefu, akakilegeza kidogo kidogo. Kila springi hupimwa urefu na nguvu. Tuseme presha ina springi 9, na kila moja husukuma kwa nguvu ya kilo 60. Zote pamoja husukuma kwa nguvu ya kilo 540. Zikilegea kwa joto, kila moja ikapoteza kilo 10, nguvu iliyopungua ni kilo 90, yaani sehemu moja katika sita. Macho hayawezi kuona upungufu huo, lakini kilima kitauona. Springi hubadilishwa zote pamoja, maana mpya moja kati ya nzee nane hulisukuma bamba upande.

Flaiwili na bamba la presha vikiwa na mikwaruzo, hupelekwa katika mashine ya kukereza, vikakerezwa kidogo tu mpaka viwe laini na sawa. Lakini flaiwili yenye ufa mrefu haikerezwi, hutupwa. Chuma kizito kama hicho, kikipasuka hali kinazunguka mara maelfu kwa dakika, chaweza kutoboa sakafu ya gari na kumwua dereva. Kisha vidole vya presha husawazishwa kwa kipimo kimoja, na beringi ya klachi hubadilishwa hata kama bado inazunguka, kwa sababu bei yake ni ndogo, na kuifikia baadaye ni kushusha giaboksi tena.

Liko jambo jingine ambalo mafundi wa zamani hawakulijua. Lainingi nyingi za malori ya siku zile zilitiwa asbesto, kwa kuwa haiungui. Vumbi lake likivutwa na pumzi hukaa mapafuni, na ugonjwa wake waweza kujificha miaka 20 au zaidi kabla ya kutokea, na mwingine katika magonjwa hayo ni saratani. Uingereza ilimaliza kuikataza mwaka 1999. Kwa hiyo vumbi la klachi kuukuu lisipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu ya upepo. Lilowanishwe kwa maji, lipanguswe kwa kitambaa kibichi, na kitambaa kifungwe katika mfuko. Wanagenzi ndio wapewao kazi ya kusafisha, nao wana miaka mingi mbele yao. Hivyo wao ndio wa kulindwa kwanza.

Mwisho ni kurudisha vyote mahali pake. Sahani hushikwa katikati kwa kijiti cha mti kilichokerezwa mfano wa shafti, ili giaboksi ipate kuingia bila kulazimishwa. Bolti za kifuniko hukazwa kwa zamu, hii kidogo na ile ya kuelekeana nayo kidogo, mpaka zote zimekaa. Pedeli nayo huachiwa nafasi ya kucheza, katika malori mengi inchi 1 hivi, kabla ya kuanza kusukuma. Nafasi hiyo ikikosekana, ni kama dereva ameweka mguu juu yake daima.

Mtu aweza kuuliza, kwa nini taabu yote hii kwa ajili ya sahani moja? Jibu lake liko mbali na Buguruni, katika mlima Kitonga, njia ya kwenda Iringa. Kabla ya reli ya TAZARA kumalizika mwaka 1975, mizigo mingi ya Zambia ilipita njia hiyo kwa malori, na hata leo malori mengi hupanda hapo. Lori lililobeba mzigo likifika katikati ya mlima huo na klachi ikateleza, nguvu ya injini haifiki tena katika magurudumu. Lori husita, kisha hutaka kurudi nyuma, na nyuma yake yako mabasi yaliyojaa watu. Hapo yamebaki breki peke yake. Ribiti iliyotokeza, springi iliyolegea, ufa uliofichwa kwa rangi, vyote vilivyopuuzwa gereji hudai haki yao mahali hapo.

Wahenga walisema, "Usipoziba ufa, utajenga ukuta." Fundi apimaye mara mbili huonekana mvivu mbele ya mwenye lori aliye na haraka. Lakini dereva yule, na utingo wake, na abiria wasiomjua, hufika salama kwa sababu ya kipimo chake.

Maswali

1. Kwa nini injini haiwezi kuunganishwa na magurudumu moja kwa moja?
2. Taja mambo manne ya kupima kabla ya kununua sahani ya klachi.
3. Presha ina springi 12, na kila moja husukuma kwa nguvu ya kilo 50. Kila moja ikipoteza kilo 5, nguvu iliyobaki ni kilo ngapi?
4. Kwa nini vumbi la klachi kuukuu lisipulizwe?
5. Eleza kwa maneno yako mwenyewe: "Klachi haifi pasipo chanzo."