Binti yetu anataka kuwa muuguzi: apitie njia ipi?

Mwezi huu hatuzungumzii malaria wala maji ya kunywa, ingawa mvua za Kyela hazijatupumzisha. Tunazungumzia wale wanaowahudumia wagonjwa. Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, wodi yetu hupata wageni wasioumwa. Ni wazazi wenye karatasi mkononi, na kila mmoja anauliza habari za masomo ya uuguzi.

Mmoja wao alikuwa mama wa Mbugani. Alitukuta tunabadilishana zamu, akatuonyesha matokeo ya binti yake. Bayolojia C, Kemia D, Fizikia D, Kiingereza D, Kiswahili B, Maarifa ya Biblia B. Hisabati F. “Nesi,” alisema, “sisi tumekwisha kuamua. Baba yake anauza kile kipande cha kakao, mtoto aende Bugando akasome digrii. Hatutaki awe nesi mdogo.” Tulimwomba aketi kwanza. Kakao ile ndiyo iliyokuwa ikilisha watoto wengine wanne, na kwa matokeo yale Bugando isingempokea mwaka ule. Maelezo tuliyompa mama huyo ndiyo tunayoyaandika hapa, maana tunajua hayuko peke yake.

Tuanze na hilo neno “nesi mdogo”. Watu wazima wanakumbuka wauguzi wa daraja A na wa daraja B, na wale wasaidizi wa kliniki ya mama na mtoto. Ngazi hizo zimekwisha kubadilishwa. Uuguzi na ukunga sasa unaongozwa na Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, na anayetoa leseni ni Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Aliyesoma cheti cha miaka miwili huandikishwa na Baraza. Aliyesoma diploma ya miaka mitatu husajiliwa, na mwenye digrii kadhalika. Kwa hiyo si kweli kwamba pasipo digrii mtu hawezi kuwa muuguzi aliyesajiliwa. Serikalini mwenye diploma huitwa Afisa Muuguzi Msaidizi, na mwenye digrii huitwa Afisa Muuguzi. Sisi tunaoandika ukurasa huu ni wa diploma, na tumepokea watoto wa Kyela kwa mikono hii tangu tukiwa vijana. Hatuoni kwamba ni udogo.

Hata hivyo hatuidharau digrii. Katika nchi yetu ilianza Muhimbili mwaka 1988, na wakati huo wengi walicheka wakiuliza muuguzi anataka digrii ya nini, kwani kufunga kidonda kunahitaji chuo kikuu? Wodi zenyewe zimejibu. Mgonjwa wa leo ana sukari, ana shinikizo la damu, anatumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, na huenda ana kifua kikuu pia, yote kwa mtu mmoja. Anayesimamia wodi ya namna hiyo hana budi kujua kwa nini, siyo namna tu. Katika digrii mwanafunzi husoma miaka 4: mwili na kazi zake, dawa, uuguzi wa watu wazima na wa watoto, ukunga, afya ya akili, afya ya jamii, uongozi, na namna ya kufanya utafiti. Akimaliza, hufanya utarajali wa mwaka mmoja hospitalini chini ya uangalizi, na Baraza humpima kwa mtihani kabla ya kumpa leseni. Baadaye mlango wa shahada ya pili unakuwa wazi, na anayetaka kufundisha vyuoni au kubobea anauhitaji mlango huo.

Vyuo vya kanisa vinavyotoa digrii hii vipo, ingawa hakuna kilicho karibu nasi. Cha kwanza ni cha Bugando, Mwanza, yaani Chuo Kikuu Katoliki cha Afya na Sayansi Shirikishi, kilicho chini ya Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania. Kilianza mwaka 2003 kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino. Cha pili ni kile kilichoko KCMC, Moshi, kilichoanza mwaka 1997 chini ya chuo kikuu cha Walutheri. Hospitali yenyewe ni ya zamani zaidi, ilifunguliwa mwaka 1971. Cha tatu ni Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, Dodoma, cha Waanglikana, kilichoanza mwaka 2007. Kwa mtu wa Kyela hicho cha Dodoma ndicho chenye safari fupi kidogo. Wote wanapokea wanafunzi wa madhehebu yote. Padre hatakiwi kuandika barua, wala Mkatoliki hapati nafasi Bugando kwa sababu ya Ukatoliki wake. Tunalisema waziwazi kwa kuwa tumeombwa mara nyingi “tuongee na Baba Paroko”. Vilevile, si kila chuo kikuu cha kanisa kinafundisha uuguzi. Uliza kabla ya kupanda basi.

Sasa tuzitazame njia. Ya kwanza hupitia kidato cha tano na cha sita. Mtoto husoma Fizikia, Kemia na Bayolojia, mchepuo ambao vijana huuita PCB. Vyuo hutaka ufaulu wa masomo matatu wenye jumla ya pointi zisizopungua 6: kwa kawaida Kemia iwe C au zaidi, Bayolojia D au zaidi, na somo la tatu angalau E. C ni pointi 3, D ni 2, E ni 1, na jumla inatimia. Juu ya somo hilo la tatu vyuo havilingani, kwani vipo vinavyokubali Hisabati ya juu au Lishe mahali pa Fizikia. Mwenye PCB hana wasiwasi popote. Aliyechukua mchepuo mwingine na asome kwanza kitabu cha mwongozo kinachotolewa kila mwaka na Tume ya Vyuo Vikuu, maana masharti hurekebishwa, na maneno ya jirani aliyesomesha mtoto miaka 6 iliyopita yaweza kuwa yamepitwa.

Njia ya pili ni ndefu, nayo ndiyo tunayoipendekeza kwa familia nyingi za huku. Mtoto hutoka kidato cha nne, akasoma diploma miaka 3, akasajiliwa, akafanya kazi, kisha akaenda chuo kikuu. Kuingia diploma anatakiwa awe na ufaulu usiopungua D katika masomo manne yasiyo ya dini, Kemia, Bayolojia na Fizikia yakiwemo. Hapa wazazi Wakatoliki husikitika: Maarifa ya Biblia hayahesabiwi hata mtoto akipata A. Ni somo jema, asiliache, lakini asilitegemee kwa jambo hili.

Kwa nini tunaipendelea njia hii? Akimaliza diploma, mtoto ana leseni na anaweza kujitafutia riziki. Akikwama fedha ya digrii, hajakwama maisha. Lakini aliyeuziwa shamba akasome digrii moja kwa moja, baba akiugua katika mwaka wa pili, hurudi nyumbani bila cheti chochote. Na tuseme ukweli mwingine ambao vyuo havipendi kuutangaza: wapo wahitimu wa uuguzi wanaokaa nyumbani wakingoja ajira, wa diploma na wa digrii vilevile. Wagonjwa ni wengi kuliko wauguzi, lakini nafasi za kazi hutegemea bajeti. Mzazi asikope kwa matumaini kwamba mshahara utaanza mwezi unaofuata mahafali.

Lakini njia ya diploma ina shimo, na binti wa yule mama alikuwa amesimama ukingoni. Kwa matokeo yake diploma angeweza kuomba bila tatizo, kwa kuwa Kemia, Bayolojia na Fizikia alikuwa nazo, na Kiswahili na Kiingereza vilikuwapo. Ile F ya Hisabati isingemzuia. Ingemzuia baadaye. Chuo kikuu kinapompokea mwenye diploma, kwa kawaida hutaka wastani wa B au GPA isiyopungua 3.0, na tena hurudi nyuma kutazama cheti cha kidato cha nne: awe na D au zaidi katika Hisabati, Kemia, Bayolojia, Fizikia na Kiingereza. Masomo matano. Tunao wenzetu, wauguzi hodari sana, wakunga wa kutegemewa usiku wa manane, waliofanya kazi miaka 10 na zaidi, wakaomba digrii na kurudishwa kwa ajili ya Hisabati waliyofeli wakiwa na miaka 17. Mmoja alirudia mtihani akiwa na watoto watatu, akikaa chumba kimoja na vijana waliolingana na mwanawe wa kwanza. Alipata D. Tulishangilia wodini mpaka wagonjwa wakauliza kuna nini.

Basi shauri letu kwa yule mama lilikuwa hili: shamba lisiuzwe. Binti aombe diploma, na mwaka huohuo ajiandikishe kurudia Hisabati akiwa mtahiniwa wa kujitegemea, kabla kichwa hakijajaa mambo mengine. Uandikishaji huwa mapema mwakani na mtihani hufanyika Novemba. Kwa wenye watoto walio bado kidato cha pili, shauri ni jepesi zaidi. Mtoto anapoingia kidato cha tatu wengi huziacha Fizikia na Kemia kwa kuwa ni ngumu, au kwa kuwa shule haina maabara wala mwalimu. Mtoto anayesema anataka kuwa nesi, kisha akaacha Fizikia, amejifungia mlango mwenyewe, na mara nyingi mzazi hana habari.

Juu ya fedha. Mwanafunzi wa digrii anaweza kuomba mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Tangu mwaka wa masomo 2023/2024 Bodi imeanza kuwakopesha pia baadhi ya wanafunzi wa diploma, fani za afya zikiwemo. Mkopo si zawadi: akiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka deni liishe. Kupata mkopo kunahitaji cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, na hapo familia zetu hukwama kila mwaka. Cheti cha ubatizo si cheti cha kuzaliwa. Chaweza kusaidia kuthibitisha umri unapoomba cheti cha RITA kwa kuchelewa, pamoja na kadi ya kliniki, kwa hiyo kitunze. Tazameni pia majina. Mtoto aliyebatizwa Yustina, shuleni akaandikwa Tumaini, na kwenye cheti cha kuzaliwa ana jina la babu, atahangaika kwa mawakili na viapo wakati wenzake wamekwisha kuanza masomo. Linganisheni majina akiwa bado shule ya msingi.

Jihadharini na vyuo vya mitaani. Mzazi mmoja tunayemfahamu alilipa ada ya mwaka mzima kwenye chuo kilichokuwa na bango zuri na sare nyeupe. Mwisho ikabainika kwamba hakikusajiliwa, na mtoto asingeweza kamwe kukalia mtihani wa Baraza. Fedha hazikurudi. Chuo cha diploma kiwe kimesajiliwa na NACTVET, na chuo kikuu kiwe kinatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu. Kijana yeyote mwenye simu anaweza kuangalia orodha zao kwa dakika chache. Usitoe hata shilingi kabla ya kuangalia, wala usimtumie fedha mtu anayesema “nafasi ninayo mkononi”.

Wazazi wengine hutuuliza kama kijana wa kiume anaweza kusoma uuguzi. Anaweza, na wodi za wanaume zinamngoja. Wengine huuliza kama binti ataambukizwa magonjwa. Hatari ipo, hatuifichi, hasa ya kuchomwa na sindano iliyotumika. Ndiyo maana tunashauri mwanafunzi apate chanjo ya homa ya ini aina ya B, sindano zote 3, kabla ya kuanza mazoezi wodini, asingoje chuo kimkumbushe.

Na mwenye diploma anayekwenda kujiendeleza aulize chuo mapema mambo mawili: ataanza mwaka wa ngapi, na je, mwajiri wake atampa ruhusa ya masomo kwa maandishi. Ruhusa ya mdomo imewapotezea wengine kazi.

Yule mama alisikiliza mpaka zamu ikaisha. Akakunja karatasi, akasema “ndaga fijo”, akauliza tena jambo moja tu: mwalimu gani wa Hisabati hapa Mbugani anafundisha jioni, na anatoza kiasi gani. Tulimtajia wawili.

Mzazi mwenye swali kama lake na afike hospitalini siku ya Jumatano mchana, baada ya kliniki. Aje na mtoto mwenyewe, na aje na cheti halisi cha matokeo, siyo cha kusimuliwa.