Kumpiga Mwenyeji kwa Kosa la Mgeni (Sehemu ya Tatu)

Mashambulizi ya ndege ambayo Israel imeendelea kuyafanya katika ardhi ya Lebanon, hata baada ya makubaliano ya kusitisha mapigano ya Novemba 27, 2024, yamelifufua swali ambalo kusini mwa Afrika liliwahi kujibiwa kwa damu: je, kuipiga nchi inayowahifadhi wapiganaji huwamaliza wapiganaji hao, au huwaongezea sababu na wafuasi? Sehemu hii inawafuata wapigania uhuru wa Afrika Kusini katika nchi za jirani, pamoja na makombora yaliyowafuata huko.

Neno "mwenyeji" linahitaji kufafanuliwa, kwa kuwa wenyeji hawakuwa wa namna moja. Msumbiji iliwapokea wanachama wa ANC, chama cha wapigania uhuru hao, kwa hiari na kwa imani ya kisiasa, ilhali Botswana na Lesotho, ambazo uchumi wao ulitegemea reli, barabara na ajira za Afrika Kusini, ziliwapokea wakimbizi lakini hazikuruhusu kambi za kijeshi. Serikali ya Afrika Kusini chini ya P. W. Botha haikuijali tofauti hiyo. Ilifuata siasa ambayo wanahistoria huiita uyumbishaji, yaani kumdhoofisha jirani kwa uvamizi, kwa kumfungia njia za biashara na kwa kuwalisha waasi wake wa ndani, mpaka aone kuwa mgeni wake ni mzigo usiobebeka.

Januari 30, 1981, makomandoo wa Afrika Kusini waliingia Matola, kitongoji cha Maputo, wakiwa wamevaa sare za jeshi la Msumbiji, wakazivamia nyumba walimokuwa wakiishi wanachama wa ANC na kuua zaidi ya kumi kati yao, pamoja na fundi mmoja Mreno aliyekuwa akipita barabarani. Kama lengo lilikuwa kumtenga mwenyeji na mgeni wake, matokeo yalikuwa kinyume, kwani Februari 14 ya mwaka huohuo Rais Samora Machel alisimama mbele ya umati mjini Maputo pamoja na Oliver Tambo, kiongozi wa ANC, na udugu uliokuwa wa viongozi ukawa wa hadhara. Usiku wa Desemba 9, 1982, ikafika zamu ya Maseru, mji mkuu wa Lesotho, ambako watu 42 waliuawa, 12 kati yao wakiwa raia wa nchi hiyo.

Kisasi hakikukawia. Mei 20, 1983, gari lililotegwa bomu lililipuka katika Mtaa wa Church mjini Pretoria, likaua watu 19 na kujeruhi zaidi ya 200, wengi wao raia wa kawaida. Na wapiganaji wa ANC waliohusika walieleza baadaye, mbele ya Tume ya Ukweli na Maridhiano, kwamba walikuwa wakijibu mauaji ya Maseru. Siku tatu baada ya mlipuko huo ndege za kivita ziliipiga tena Matola, na serikali ya Pretoria ikatangaza kwamba imezivunja ngome za magaidi. Waandishi wa habari waliofika kuzitazama ngome hizo walikuta kiwanda cha jamu kilichotobolewa kwa makombora, na miongoni mwa waliokufa walikuwamo wafanyakazi wa kiwanda hicho. Mwenye nguvu anayeshindwa kupambanua kati ya kambi ya askari na kiwanda cha jamu hana haki ya kushangaa anapochukiwa.

Hata hivyo, uadilifu wa historia unadai kukiri kwamba kuna mahali mabavu yalifua dafu. Machi 16, 1984, Machel, ambaye nchi yake ilikuwa imechoshwa na ukame na waasi wa Renamo, alitia saini na Afrika Kusini Mkataba wa Nkomati, ambao ulikataza kila upande kuwasaidia wapinzani wa mwenzake, na kuwaondoa wanachama wa ANC isipokuwa wachache wa ofisini. Januari 1986 Lesotho ilifungiwa mipaka mpaka serikali ya Leabua Jonathan ikapinduliwa na jeshi lake, na wanachama wa ANC wakatolewa nchini. Lakini nyaraka zilizokamatwa katika ngome ya Renamo huko Gorongosa mwaka 1985 zilionyesha kuwa Pretoria iliendelea kuwasaidia waasi hao kinyume cha saini yake. Tena, haikupita hata miezi sita baada ya Nkomati kabla vitongoji vya Waafrika vya eneo la Vaal, ndani ya Afrika Kusini yenyewe, kulipuka kwa maasi ambayo hayakuhitaji kambi ya ng'ambo.

Baadhi ya waliofukuzwa Msumbiji walikuja Tanzania, na hapa hapana budi kuitaja Mazimbu, karibu na mji wa Morogoro. Katika shamba hilo la zamani la mkonge, ambalo serikali iliikabidhi ANC mwaka 1977, vijana waliokimbia baada ya maasi ya Soweto ya 1976 walijengewa shule yenye jina la Solomon Mahlangu, mpiganaji aliyenyongwa Pretoria Aprili 6, 1979. Palikuwa na madarasa, hospitali, mashamba na karakana ya samani, na pana makaburi ya waliofia ugenini. Leo majengo hayo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na ni aibu kwa taifa ikiwa mwanafunzi anaweza kupita kando ya makaburi hayo kwa miaka mitatu bila kufundishwa ni ya nani.

Kosa kubwa kuliko yote la Pretoria lilitendwa Mei 19, 1986, pale Harare, Lusaka na Gaborone ziliposhambuliwa kwa siku moja wakati ujumbe wa Jumuiya ya Madola ulikuwa Afrika Kusini ukitafuta njia ya mazungumzo. Ujumbe ulivunja kazi yake, na Oktoba ya mwaka huo Bunge la Marekani likaitengua kura ya turufu ya Rais Reagan na kupitisha sheria ya vikwazo.

Kuhusu Lebanon, inatosha kukumbusha kwamba Israel ilipoivamia mwaka 1982 ilifanikiwa kuiondoa PLO, chama cha ukombozi wa Wapalestina, mjini Beirut, lakini katika ukaliaji uliofuata ndimo ilimokulia Hezbollah, kundi ambalo mashambulizi ya sasa yanalilenga. Hezbollah si ANC, na linalolinganishwa hapa ni bakora, si wanaochapwa. Ni kweli pia kwamba kundi hilo liliumizwa vibaya mwaka 2024, na Agosti 2025 serikali ya Lebanon iliagiza jeshi lake liandae mpango wa kuziweka silaha zote chini ya dola. Ila kila kombora linaloanguka baada ya agizo hilo humdhihirisha mwenyeji kuwa dhaifu, na mwenyeji dhaifu hawezi kumwamuru mgeni aweke silaha chini.

Wageni wa Mazimbu hawakuondolewa na ndege ya mtu. Walifungasha mizigo yao na kuwarudishia Watanzania majengo mwaka 1992, walipokuwa na kwao pa kurudi.