Nyanya kwa mbwa: Hatari haimo kwenye iliyoiva

WAKAZI wengi wa mijini wanaofuga mbwa huwalisha mabaki ya chakula cha familia, na mara nyingi mabaki hayo huwa na nyanya. Je, nyanya ni salama kwa mnyama huyo?

Nyanya iliyoiva vizuri, ikitolewa kwa kiasi kidogo, haimdhuru mbwa mwenye afya. Tatizo lipo kwenye sehemu za kijani.

Nyanya ni ya jamii moja na mnavu, bilinganya na viazi mviringo. Mimea hiyo hujikinga dhidi ya wadudu na magonjwa kwa kutengeneza kemikali chungu. Kwa nyanya, kemikali hiyo huitwa tomatini, nayo hupatikana kwa wingi katika majani, shina na matunda machanga. Kadiri tunda linavyoiva, ndivyo tomatini inavyopungua.

Hivyo, mbwa aliyeokota kipande cha nyanya nyekundu jikoni hayumo hatarini, lakini anayetafuna miche bustanini anaweza kutokwa mate mengi, kutapika, kuharisha na kulegea mwili.

Hata hivyo, hatari kubwa zaidi haitokani na nyanya yenyewe, bali na kile kinachopikwa nayo. Vitunguu maji na vitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, na kupika hakuondoi sumu hiyo. Gramu 15 hadi 30 za kitunguu maji kwa kila kilo ya uzito wa mbwa zinatosha kumdhuru. Kwa mbwa wa kilo 10, gramu 150 ni sawa na kitunguu kimoja cha wastani. Hata kiasi kidogo kinacholiwa kila siku huweza kuleta madhara.

Dalili zake huweza kuchelewa kwa siku kadhaa, jambo linalofanya wengi wasihusishe ugonjwa na mchuzi wa juzi. Ufizi hupauka, mkojo huwa mwekundu au wa kahawia, na mbwa huhema haraka.

Anayetaka kumpa mbwa wake nyanya achague iliyoiva, aondoe kikonyo na majani, na asiichanganye na mchuzi. Bustani ya nyanya izungushiwe wigo. Mbwa akila majani mengi au vitunguu, apelekwe kwa daktari wa mifugo mapema, bila kusubiri dalili.