Mtihani wa serikali: disertasio bado inatisha wafinalisti

Kila mwaka, wiki kadhaa mbele ya siku 4 za mtihani wa serikali, wafinalisti wa Kongo wanaandika disertasio ya Kifaransa. Wengi wanaiogopa, na wana sababu. Katika zile siku 4, mwanafunzi anachagua jibu kati ya majibu yaliyoandikwa tayari. Hata asiyejua anaweza kubahatisha. Kwa disertasio karatasi ni nyeupe, na wazo lazima litoke kichwani mwake.

Mawazo hayakosi. Kijana wa Goma, Bukavu ao Bunia anabishana vizuri sana, lakini kwa Kiswahili: nyumbani, sokoni, kwenye uwanja wa mpira. Kifaransa anakikuta darasani, ambako mwalimu mwenye wanafunzi wengi hawezi kusahihisha insha ya kila mmoja kila juma. Ndiyo maana wengi wanakariri utangulizi mmoja, wanaubandika kwa kila swali. Msahihishaji anautambua tangu mstari wa kwanza.

Katiba ya 2006 inataja Kiswahili kati ya lugha 4 za taifa. Lakini katika shule nyingi, anayebishana kwa Kiswahili darasani anapewa azabu.