MBOGA MLANGONI: BUSTANI YA KIROBA KWA ASIYE NA SHAMBA

Kibaha inazidi kujaa nyumba pande zote mbili za Barabara ya Morogoro, na Kisarawe mjini wapangaji wanaongezeka. Familia nyingi za parokia zetu zina chumba kimoja au viwili na ua wa kuanikia nguo. Hivyo mboga za majani huliwa siku yenye fedha tu. Wanaoumia kwanza ni mama mjamzito na mtoto mdogo. Mwili usiopata madini ya chuma na asidi ya foliki hupungukiwa damu, na ukosefu wa vitamini A hudhuru macho na kudhoofisha kinga ya mwili.

Je, asiye na shamba afanye nini? Tuwatazame jirani zetu wa Kibera, Nairobi, mahali nyumba zilipobanana kuliko kwetu. Mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi, shirika la Kifaransa Solidarités International lilizisaidia familia za huko kupanda mboga ndani ya magunia, mlangoni kabisa. Gunia hupandwa juu na ubavuni, hivyo mahali pa kuweka ndoo panatosha.

Jinsi ya kutengeneza

1. Tafuta kiroba cha mchele au sukari. Kilichobeba dawa za wadudu kisitumike kamwe.
2. Udongo wetu wa Pwani ni wa kichanga, haushiki maji. Changanya ndoo mbili za udongo na moja ya samadi iliyooza. Mbolea ya kuku ni kali, iache kwanza ioze vizuri.
3. Simamisha katikati ya kiroba kopo lisilo na kitako, lijaze kokoto, kisha jaza udongo kulizunguka. Vuta kopo juu, jaza tena, mpaka kiroba kijae. Maji yatapita kwenye kokoto hadi chini.
4. Toboa matundu ubavuni, panda pando za matembele au miche ya mnavu. Juu, sia mchicha. Huwa tayari baada ya wiki tatu au nne.

Tahadhari

Mboga chafu huleta ugonjwa badala ya afya. Uchunguzi uliofanywa bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, umekuta madini yenye sumu, kama risasi, katika mboga za huko. Kwa hiyo usichote udongo jalalani, karibu na gereji wala kando ya barabara kuu, na usimwagilie maji ya mtaro. Usiache maji yatuame kwenye makopo. Mbu wa dengi, iliyosumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019, huzaliana humo.

Jikoni

Osha majani kabla ya kuyakata, yapike kwa muda mfupi na mafuta kidogo, maana vitamini A huhitaji mafuta. Kamulia ndimu, ili mwili upokee madini ya chuma vizuri. Chai isinywewe pamoja na chakula, kwani huyazuia madini hayo.

Hata hivyo, kiroba si zahanati. Mama mwenye kizunguzungu, kuchoka sana au viganja vyeupe akapimwe damu, wala asiache vidonge anavyopewa kliniki.

Akina mama wa WAWATA na Jumuiya Ndogo Ndogo, gawaneni miche baada ya sala. Anzeni na nyumba yenye mjamzito.